Kukadiria Hesabu: Kutoka Dukani Makorora hadi Matangi ya Chongoleani

Mnunuzi asimamaye mbele ya duka huko Makorora, mjini Tanga, akiwa na noti moja ya shilingi 10,000, hukadiria kabla ya kuagiza. Tuseme sukari ni shilingi 2,900, mafuta ya kupikia 4,850 na unga 1,450. Kichwani bei hizo huwa 3,000, 5,000 na 1,500. Jumla yake 9,500. Jawabu halisi ni 9,200. Kila bei imeongezwa, wala hakuna iliyopunguzwa. Kwa hiyo noti itatosha bila shaka.

Kugawanya kunataka uangalifu zaidi. Kaskazini ya mji huo, kwenye rasi ya Chongoleani, ndiko linakokomea bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Limesanifiwa kupitisha hadi mapipa 246,000 kwa siku. Na matangi 4 ya Chongoleani, kila moja mapipa 500,000, yahifadhi jumla ya mapipa 2,000,000. Je, meli isipofika, matangi matupu yatajaa kwa siku ngapi? Swali hili si la mchezo. Mafuta hayo yana nta nyingi, na hayana budi kuwekwa kwenye joto la nyuzi zipatazo 50 za Sentigredi yasije yakaganda. Kuyasimamisha njiani si jambo jepesi.

Mwanafunzi aliyezoea kukadiria kwenye laki iliyo karibu ataandika 200,000 badala ya 246,000, na kupata siku 10. Hesabu ni rahisi, lakini kadirio ni baya: mtiririko umepunguzwa kwa karibu moja ya tano, na siku zimezidi. Mwenye zamu akiliamini, matangi yatamjalia siku ya tisa.

Afadhali kuchagua 250,000, namba iliyo jirani na inayoingia katika 2,000,000 mara 8 kamili. Jawabu halisi ni kama 8.13. Namba inayogawanya ikiongezwa, jawabu hupungua. Basi kosa limeangukia upande wa tahadhari. Tena kikokotoo kikionyesha 81.3, aliyekwisha kukadiria atajua papo hapo kwamba sifuri moja imekosewa.

Kwa kweli matangi hayawi matupu kabisa. Robo ikiwa imekwisha kujaa, hubaki nafasi ya mapipa 1,500,000. Nayo kwa 250,000 ni siku 6.