Saiba za Kathiani na flashi ya kufufulia kompyuta

Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ya mapato kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), na kwa wenye saiba wa Kathiani, wiki hiyo ni msimu wa mavuno. Kompyuta ikikataa kuwaka wakati foleni imefika mlangoni, mteja hangoji. Anaingia kwa jirani au anapanda matatu kwenda Machakos mjini.

Kazi yenyewe, kwa bahati nzuri, haipotei sana. Ritani ziko iTax, maombi ya serikali yako eCitizen, ya vyuo yako KUCCPS. Kinachokufa na diski ni mipangilio ya printa na skana, barua na fomu zilizotaipiwa miaka mingi, na hesabu za duka. Kunakili faili pekee hakutoshi hapo. Mwenye saiba anahitaji taswira ya diski nzima, iwekwe kwenye diski ya nje, pamoja na flashi inayoweza kuwasha mashine iliyogoma ili taswira irudishwe siku hiyo hiyo. CD zimepitwa na wakati. Laptopu mpya hazina hata pa kuziingizia.

Kwa kutengeneza taswira hiyo, programu ya Clonezilla ni ya bure na inaaminika, ila menyu zake za maandishi matupu huwatisha wengi, na kwa kawaida haikubali kurudisha taswira kwenye diski ndogo kuliko ile ya awali. Rescuezilla husoma taswira za Clonezilla na hutumia kipanya. Kwa saiba isiyo na fundi wa kudumu, mimi ningeanza nayo. Hiren's BootCD PE inafaa zaidi kuokoa faili na kufungua nywila iliyosahaulika. Mafundi waliozoea Macrium Reflect ya bure waliachwa njiani: huduma zake zilikoma Januari 2024.

Flashi iliyokubali mashine moja inaweza kukataliwa na nyingine. Kompyuta kuukuu za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi huwaka kwa BIOS. Mpya hutumia UEFI yenye Secure Boot, ambayo hukagua saini ya programu kabla ya kuiruhusu. Kwa hiyo flashi ijaribiwe kwenye kila mashine ya duka: bonyeza F12 kwenye Dell, F9 kwenye HP, uone kama inatokea kwenye orodha. Kisha, kwa majaribio, rudisha taswira kwenye diski ya ziada. Na flashi ya bei ya kutupwa inayojidai kubeba GB 1000 iachwe kwa muuzaji.

Kikwazo kinachosahaulika ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Microsoft ilitoa zana ya kufufulia mashine kwa flashi, lakini nyingi zilidai kwanza ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski zenyewe mara mwenye laptopu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kujua. Ukinunua mpya, ingia kwenye akaunti hiyo, utafute ufunguo, uuandike kwenye karatasi na kuiweka mbali na laptopu yenyewe.