Je, Wajua? Juma Letu Lina Tano Mbili

Ukimwuliza mtoto wa katekisimu siku ya kwanza ya juma ni ipi, huenda akajibu Jumamosi. Usimcheke, lugha iko upande wake. Mosi ni moja, pili ni mbili, kisha Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hesabu hii huanza mara Ijumaa inapopita, kwa kuwa neno juma lenyewe limetokana na jina la Kiarabu la Ijumaa, siku ya Waislamu kukusanyika kwa sala.

Baada ya Jumatano hesabu hukatika ghafla. Hatusemi "Jumasita" bali Alhamisi, na neno hilo la Kiarabu nalo lina maana ya tano! Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, kama Wayahudi. Basi tano hizo mbili zimekaa bega kwa bega, wala hazigombani.

Shida huja kwenye Injili. Zinaposema kaburi lilikutwa tupu siku ya kwanza ya juma, zinahesabu Kiyahudi, yaani siku iliyofuata Sabato. Anayefuata majina yetu tu ataangukia Jumamosi, siku ambayo Bwana alikuwa bado kaburini. Hapo katekista asipite haraka.

Kanisa lina neno lisilo na namba: Dominika, kutoka Kilatini, yaani Siku ya Bwana. Wareno nao walishika hesabu ya Kanisa kwa siku za kazi, hata Jumatatu yao ni segunda-feira, ya pili. Mreno akikuahidi siku ya pili, usimngoje Jumapili.