Nyumba Kubwa, Fanicha Chache



Kikundi kikitaka kujenga, huuliza kwanza bei ya mawe na mabati. Bei ya meza, viti na vitanda hukumbukwa pesa zikiwa zimekwisha. Hebu leo tutazame nyumba ya kasisi mmoja wa Kianglikana kule Epworth, Uingereza.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya mbao na lipu, paa la nyasi. Usiku mmoja wa Februari 1709 iliungua. Kasisi Samuel Wesley na mkewe Susanna walitoka na watoto, kumbe John, wa miaka 5, amebaki juu. Majirani walipandiana mabegani, wakamtoa dirishani kabla paa halijaanguka. Ndiye huyo aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Wamethodisti.

Mwaka huohuo ilijengwa nyumba mpya ya matofali, kubwa, yenye ghorofa na vyumba chini ya paa. Huo ulikuwa wakati wa mtindo wa baroki. Mafundi walipenda mlango uwe katikati na madirisha yapangwe sawasawa huku na huku, nyumba ionekane imetulia.

Basi gharama yake? Pauni 400 hivi, na mapato ya kasisi yalikuwa kama pauni 200 kwa mwaka. Tena alikuwa amefungwa jela mwaka 1705 kwa deni lisilofika pauni 30! Mwaka 1731, yaani miaka 22 baada ya kujenga, ndugu yake Matthew alimtembelea, akashtuka kuona fanicha zilivyo duni.

Hata hivyo, nyumba haikukosa kazi. Kipupwe cha 1711 hadi 1712, mume akiwa London, Susanna alisali na watoto jikoni Jumapili jioni. Majirani wakaja, hata wakafika 200 hivi. Hawakuvutwa na viti.

Tangu 1957 nyumba hiyo ni makumbusho. Fanicha nzuri zinazoonekana humo ni za zama zile, lakini nyingi zilikusanywa baadaye. Tusidhani familia iliishi hivyo.

Sisi tunaona hivi: kuta imara ni kinga ya moto, wala tusizikatae. Lakini bajeti ya jengo iandikwe pamoja na ya vitu vya ndani na ya kulipa deni.

Mjadiliane kikundini:
1. Jengo letu litatumika kwa kazi gani?
2. Siku ya kwanza, ni vitu gani lazima viwemo?
3. Deni litalipwa na nani, kwa muda gani?