Kiakisi na Kirejeshi cha Rada

Neno rada limekwisha kuzoeleka, wala hatuna haja ya kulitafutia jingine. Taabu imo katika maneno yanayolizunguka. Mfasiri akiita "kioo" kila bamba linalorudisha mawimbi ya rada, huwa amechanganya vitu viwili vyenye kazi mbalimbali.

Na tuchukue barabara itokayo Masasi kupanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala. Tuseme rada imewekwa karibu na kona, na gari linakuja nyuma ya genge. Mawimbi ya redio huenda kwa mstari ulionyooka, hivyo genge huyazuia. Lakini tukisimamisha bamba bapa la chuma mahali panapoonekana kutoka pande zote mbili, mawimbi hulipiga, hugeuka kulifuata gari, kisha hurudi kwa njia ile ile. Rada haina habari za bamba. Hudhani gari liko nyuma yake. Bamba likiwa umbali wa mita 40, na gari mita 25 kutoka kwenye bamba, rada husoma mita 65. Miamba na miti nayo hutoa mwangwi, ila mwangwi wa kitu kinachosogea hubadilika idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, na kwa hiyo rada hukitenga na vilivyotulia. Udhaifu ni kwamba kila mgongano hula nguvu za mawimbi, na bamba likikaa upande kidogo tu, yote hupotelea porini.

Bamba hilo twapendekeza liitwe kiakisi. Kitu kinachotafutwa tusikiite "shabaha" nje ya mambo ya vita. Shabaha hupigwa, na gari la konani tunataka lisigongwe.

Kirejeshi ni kingine. Ni mabamba matatu yaliyoungana kwa pembemraba, mfano wa pembe ya ndani ya sanduku, nayo huyarudisha mawimbi kule kule yalikotoka hata kama hayakuingia sawasawa. Chombo cha mbao nje ya Mtwara huonekana kwa shida katika rada ya meli. Kirejeshi kikitundikwa mlingotini, mwangwi huwa mkubwa. Nahodha aliyesoma kijitabu chenye neno moja kwa vyote viwili aweza kutundika bamba bapa. Usiku mawimbi yatarukia pembeni, na meli isimwone.