Pua Isiyohitaji Moto

Kila baridi inapoingia nyanda za juu, sisi watangazaji huletewa habari ile ile tuisome: watu wamelala na jiko la mkaa ndani, milango wameifunga, asubuhi hawakuamka. Muuaji ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na pua ya binadamu haiitambui. Leo basi tuzungumzie pua ya kutengenezwa.

Mwaka 1962 Mjapani Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kitambuzi cha gesi. Kitambuzi cha aina hiyo hutumia oksidi ya bati. Oksijeni ya hewani hunata juu ya chembe za oksidi hiyo na kuzinyang'anya elektroni, umeme ukapita kwa shida. Ikija kaboni monoksidi, huiondoa oksijeni ile. Elektroni hurudi, umeme hupita kwa wepesi, na king'ora hulia.

Tatizo ni moto. Ili kazi hiyo iende upesi, chembe hupashwa hadi nyuzi 200, hata 400 za Selsiasi. Joto hilo hula umeme usiku na mchana, na betri ndogo haliwezi. Viko vitambuzi vya betri vinavyotumia kemikali bila kupashwa moto, lakini navyo huchakaa baada ya miaka kadhaa, ikabidi kununua vingine.

Ndipo wanasayansi wakageukia kaboni. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu kwa maelfu, hutambua amonia na dioksidi ya nitrojeni katika joto la kawaida la chumba. Tangu hapo wengi wamechanganya mirija hiyo na chembe ndogo mno za oksidi za metali. Kaboni hupitisha umeme bila moto, chembe huinasa gesi. Mchanganyiko huo ndio uitwao nanokompositi.

Je, tushangilie? Bado. Unyevu wa hewa huvidanganya vitambuzi hivi, na sisi wa mwambao unyevu tunaujua. Tena, gesi ikishanata huchelewa kubanduka, kwa hiyo pua hukawia kuwa tayari kunusa upya.

Tusiingoje. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, hata kama makaa yamefunikwa na jivu. Hadi juma lijalo, kwaherini.