Lenzi Pana ya Kamera: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Mwenye kamera huitambua haja ya lenzi pana siku ile mgongo wake unapogusa ukuta. Mfano wake ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima, aliyeombwa kuwapiga picha wazee sita wa kamati katika afisi ndogo ya chama. Kamera yake ni Leica M3, chombo cha Kijerumani cha filamu alichorithi kwa baba yake mdogo, nayo ina lenzi moja tu, ya milimita 50. Akirudi nyuma hatua moja, humpata mzee wa pembeni. Akitaka kumpata na wa upande wa pili, hugonga kabati la mafaili. Mwishowe wazee wawili hukatwa, na si rahisi kumweleza mzee kwa nini yeye ndiye aliyekatwa.

Shida hii si ya ufundi wa mpiga picha, ni ya hesabu. Picha moja katika filamu ya kamera hiyo ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Lenzi ya milimita 50, mpiga picha akiwa mita 3 mbali na watu, huona upana wa mita 2.16 tu na kimo cha mita 1.44. Wazee sita waliosimama bega kwa bega huchukua nafasi inayopungua kidogo mita 3. Basi haiwezekani kuwatia wote. Tena mtu mzima aliyesimama hawezi kuonekana tangu kofia hadi viatu isipokuwa kamera isimamishwe wima. Lenzi ya milimita 35, kutoka mahali pale pale, huona upana wa mita 3.09 na kimo cha mita 2.06. Wazee wote huingia pamoja na miguu yao, wala kabati halisogezwi.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa upana ndio unaotakiwa, kwa nini asinunue lenzi iliyo pana zaidi, ya milimita 28 au hata 21? Jibu ni kwamba upana una malipo yake. Kadiri lenzi inavyozidi kuwa pana, ndivyo mpiga picha anavyolazimika kuwasogelea watu ili wasionekane wadogo kama sisimizi, na akiwasogelea sana, pua huvimba, mkono ulio mbele hushinda kichwa kwa ukubwa, na mtu aliye ukingoni mwa picha huvutwa akawa mnene kuliko alivyo. Kamera ikiinuliwa kidogo tu, kuta za nyumba huinamiana kama zitaanguka. Lenzi ya milimita 35 ina makosa hayo pia, lakini kwa kiasi kidogo ambacho mtu mwangalifu aweza kukizuia kwa kuishika kamera sawasawa na kutowaweka watu pembeni kabisa. Ndiyo maana huitwa pana kwa kiasi.

Lenzi za namna hii zina umri mrefu. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz katika mji wa Wetzlar, ndiye aliyebuni kamera ndogo ya Leica, iliyoonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925. Lenzi yake ya kwanza ilikuwa ya milimita 50, nayo haikuweza kutolewa. Mwaka 1930 Leica ilipata lenzi za kubadilishwa, na mojawapo ilikuwa Elmar ya milimita 35. Mwaka 1932 ikaongezwa ndani ya kamera kipima umbali, yaani chombo kinachomwonyesha mpiga picha sanamu mbili za kitu kimoja. Azungushapo lenzi mpaka sanamu hizo zikawa moja, umbali umekwisha kuwa sahihi.

Kamera za jinsi hii zafaa sana kwa lenzi pana. Kamera nyingine zina kioo ndani kinachoinuka kila picha ipigwapo, na kioo hicho huisukuma lenzi mbele, mbali na filamu. Kwa hiyo lenzi pana ya kamera hizo huwa na vioo vingi zaidi, nayo huwa kubwa na nzito. Kamera yenye kipima umbali haina kioo hicho. Lenzi yaweza kukaa karibu kabisa na filamu, na ndiyo sababu lenzi njema ya milimita 35 hutoshea ndani ya kiganja cha mtoto.

Hata hivyo hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Husoma habari za lenzi, hulinganisha majina na bei, na kusahau kuchungulia katika kamera yao wenyewe. Katika kamera hizi mtu hatazami kwa njia ya lenzi. Hutazama kwa dirisha lililo juu yake, na ndani ya dirisha hilo huona mistari myeupe inayoonyesha mpaka wa picha. Leica M3, iliyotoka mwaka 1954, ina mistari ya lenzi za milimita 50, 90 na 135. Ya milimita 35 haimo. Karani wetu akinunua lenzi ya kawaida ya milimita 35 na kuifunga, itashika vizuri, kipima umbali kitafanya kazi, lakini mpaka wa picha hatauona.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kununua kichungulio kidogo cha milimita 35 cha kuchomeka juu ya kamera. Kichungulio kizuri huonyesha picha kubwa na angavu, lakini mpiga picha hupima umbali katika dirisha moja, kisha huhamisha jicho hadi jingine. Arusi haimngojei mtu ahamishe jicho. Ya pili ni kutafuta lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya M3 hasa, yenye miwani yake iliyofungwa mbele ya madirisha ya kamera. Miwani hiyo hufanya mistari ya milimita 50 ionyeshe eneo la milimita 35. Ni kazi ya akili sana, ijapokuwa hupunguza ukubwa wa sanamu machoni na kuifanya kamera iwe na kichwa kizito. Muuzaji akitoa lenzi ya namna hii ambayo miwani yake imeng'olewa, yafaa aachiwe lenzi yake, maana kipimo chake cha umbali kilifanywa kiende pamoja na miwani; bila miwani picha hazitakuwa wazi.

Njia ya tatu ni kuibadili kamera yenyewe. Leica M2, iliyofuata M3 kabla ya miaka ya 1950 kwisha, ina mistari ya milimita 35, 50 na 90. M4 ya mwaka 1967 na M6 ya mwaka 1984 zina ya 35 vilevile. Kwa mtu ajuaye kwamba kazi yake nyingi ni ya vyumba, mikutano na masoko, hii ndiyo njia bora, hata kama inauma kuiuza kamera ya urithi. Lakini mwenye kuvaa miwani machoni ajaribu kwanza dukani. Mistari ya milimita 35 huikaribia kingo za dirisha, na kioo cha miwani humzuia kusogeza jicho. Ya milimita 28, katika kamera zilizo nayo, wengi wenye miwani hawaioni yote kwa mara moja.

Jambo la dirisha likiisha kukatwa, ndipo ije habari ya lenzi ipi. Leitz walitengeneza nyingi za milimita 35. Summaron ilikuwa na tundu la mwanga la 3.5, kisha mwaka 1958 ikaja ya 2.8. Mwaka huohuo ikatoka Summicron yenye tundu la 2, na mwaka 1961 Summilux ya 1.4. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa, mwanga unavyoingia kwa wingi, na bei inavyopanda.

Hapo yatakiwa mtu ajipime kwa ukweli. Tundu la 2 huingiza mwanga mara mbili ya tundu la 2.8. Maana yake ni kwamba chumbani jioni, mahali ambapo Summaron inataka sehemu ya 30 ya sekunde, Summicron hutosheka na sehemu ya 60. Mkono uliotulia huweza kuishika lenzi ya milimita 35 kwa sehemu ya 30 bila kutikisa picha. Asiyetulia ni yule anayepigwa picha: mwenye kuhutubia hupunga mkono, bibi arusi hugeuza kichwa. Kwa mtu apigaye picha hasa usiku na ndani ya nyumba, tundu la 2 lina thamani yake. Kwa mtu wa mchana, mwenye filamu ya ASA 400 kamerani, Summaron ya 2.8 yatosha kabisa, na fedha zinazobaki zitanunua filamu nyingi. Summilux za zamani, tundu likifunguliwa lote, hutoa picha laini yenye utusitusi mweupe kandokando ya taa. Wako waupendao weupe huo na kuulipia. Katika picha ya kamati ya ushirika haumsaidii mtu.

Faida nyingine ya milimita 35 haitajwi sana na wauzaji. Tundu likiwekwa kwenye 8 na umbali ukiwekwa kwenye mita 3, kila kilicho kati ya karibu mita 1.9 na mita 7.3 hutoka wazi kwa kipimo cha kawaida. Lenzi ya milimita 50 katika hali hiyohiyo hutoa tangu mita 2.3 hadi 4.2 tu. Basi siku ya kupima kahawa mpiga picha mwenye lenzi ya 35 aweza kuweka namba zake asubuhi na kupita kati ya watu bila kugusa lenzi tena, akiangalia nyuso badala ya kuangalia vipimo.

Asiyeweza bei ya Leitz hakosi pengine pa kwenda. Tangu mwaka 1999 kampuni ya Cosina ya Japani imetengeneza lenzi kwa jina la Voigtländer, na katika hizo Color-Skopar ya milimita 35, yenye tundu la 2.5, ni ndogo na kali sana. Jupiter-12 ya Urusi, iliyoigwa kutoka lenzi ya Zeiss ya kabla ya vita vya 1939, ni rahisi kwa bei, lakini kioo chake cha nyuma hutokeza mno hata chaweza kugusa vitu ndani ya baadhi ya kamera. Lenzi za kale za kufungwa kwa skrubu hutumika katika kamera za M kwa pete ya kuunganishia. Pete hiyo iwe ile inayoleta mistari ya milimita 35, kwa kuwa pete za namna nyingine huleta mistari isiyohusika.

Lenzi kuukuu isinunuliwe bila kuchunguzwa. Tundu lake lifunguliwe lote, kisha tochi imulikwe upande mmoja na jicho litazame upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama buibui ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi katika nchi za unyevu kama pwani ya Mombasa, nayo ikikaa muda mrefu huula ule utando wa juu wa kioo na fundi hawezi tena kuurudisha. Ukungu uliotanda sawasawa kwa kawaida ni mvuke wa mafuta, ambao mara nyingi husafishika. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele hauharibu kitu. Wa kioo cha nyuma ni mbaya zaidi.

Kisha lenzi ifungwe katika kamera ile ile itakayotumika nayo. Ikizungushwa hadi mwisho na kuelekezwa mlingoti ulio mbali sana, sanamu mbili ziwe moja kamili. Baadaye gazeti litandazwe mezani, picha ipigwe kwa mshazari kutoka mita moja, tundu likiwa wazi lote, na mstari mmoja wa maandishi uliotiwa alama ulengwe. Filamu ikisha kusafishwa, kama maandishi ya mbele au ya nyuma ya mstari huo ndiyo yaliyo wazi kuliko wenyewe, lenzi irudishwe kwa aliyeiuza, tena upesi, kabla siku alizoruhusu hazijapita.