Ugonjwa Unaochelewa, Kikomo Kinachoshuka

Mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu hudhuru mwili kwa njia mbili. Dozi kubwa inayopokewa kwa muda mfupi huua seli nyingi kwa pamoja, na athari zake, kama kuungua kwa ngozi na kunyonyoka kwa nywele, hudhihirika ndani ya siku au majuma. Dozi ndogo haiui seli, bali huweza kuharibu vinasaba vyake, na seli ikiishi na kasoro hiyo huenda ikazaa saratani baada ya miaka mingi, wakati ambapo hakuna daktari awezaye kuitofautisha na saratani yenye chanzo kingine.

Ndiyo maana madhara ya namna ya pili hayajulikani kwa kumpima mgonjwa mmoja, bali kwa kuhesabu watu wengi kwa muda mrefu. Hesabu inayotegemewa zaidi ilianzia Japani mwaka 1950, ikiwahusu watu wapatao 120,000, wengi wao manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Ugumu wake haukuwa katika kuhesabu vifo bali katika kukadiria dozi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kipima mionzi siku ile. Manusura waliulizwa walikuwa wapi, wameelekea upande gani, na kama palikuwa na ukuta wowote wa kuwakinga. Katika hesabu hiyo saratani ya damu ilitangulia, ikafikia kilele kabla ya miaka 10 kutimia, hasa kwa waliokuwa watoto, ilhali saratani za mapafu, matiti na tumbo zilianza kuongezeka baadaye na hazijakoma kuwaandama manusura katika maisha yao yote. Kinyume na hofu iliyoenea, ongezeko la magonjwa ya kurithi halijathibitika kwa watoto waliotungwa mimba baada ya mabomu. Walioumia ni waliokuwa tumboni siku ya mlipuko, hususan mimba za wiki ya 8 hadi ya 15, ambazo ubongo wake ulikuwa ukijengwa.

Viwango vya usalama vimekuwa vikiufuata ugonjwa huu unaochelewa, na kwa kweli vimechelewa pamoja nao. Kikomo cha kimataifa cha mwaka 1934 kililenga kuzuia madhara yanayoonekana, na kwa hesabu ya leo kilimruhusu mfanyakazi kupokea zaidi ya mara 20 ya dozi inayokubalika sasa. Tangu mwaka 1990 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi imependekeza wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka kwa wafanyakazi na milisiveti 1 kwa raia, bila kuhesabu matibabu wala mionzi ya asili, ambayo peke yake humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Tarakimu hizo si mpaka kati ya usalama na hatari, maana tume huchukulia kwamba kila dozi, hata iwe ndogo namna gani, huongeza uwezekano wa saratani kwa kadiri yake. Ni makubaliano kuhusu hatari inayoweza kuvumiliwa. Mwaka 2011 ikaja zamu ya lenzi ya jicho, ambayo ilidhaniwa kustahimili milisiveti 150 kwa mwaka: ilipobainika kuwa ukungu wa mtoto wa jicho hutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyoaminiwa, kikomo chake kwa wafanyakazi nacho kikashushwa hadi wastani wa milisiveti 20.